Jina Lisilo na Mzigo

Saa tano na robo asubuhi ya Jumamosi, kuta za ghala la Felisia zilikuwa zinatoka jasho. Msimu huo ukifika Guangzhou, huku China, huna la kufanya. Joto linapanda kutoka kusini, saruji bado ina baridi, na maji yanachuruzika ukutani wakati nje halijadondoka tone la mvua. Vioo vyote vilikuwa na ukungu. Wachukuzi wa mtaa wa Guangyuan Xilu walipita nyuma ya vioo na mikokoteni yao, wakaonekana kidogo, wakapotea, na kelele zao zilifika ndani zimelegea kama za watu walio usingizini.

Kissa alikaa juu ya belo la jinzi, karatasi magotini. Miaka kumi na miwili alikuwa ofisa wa forodha mpakani Kasumulu, na sasa kazi yake ilikuwa kutafuta mizigo ya Waafrika iliyopotea katika jiji hili. Safari hii alitakiwa kumtafuta mtu, na hakupenda. Belo likipotea halikudanganyi.

"Dada Kissa, nina mabelo mia tatu na kumi na mawili humu," Felisia alisema. Alikuwa mwanamke mnene wa Iringa, mwenye ghala, na usiku uliopita hakuwa amelala hata lepe. "Kontena linaondoka kwenda bandari ya Nansha saa kumi. Saa nane mchana Bawabu anamkabidhi mtu nisiyemjua funguo za Alama. Huyo mtu akitaka, anageuza jina la kila belo. Mzigo wa Mbeya uende Lubumbashi, wa Lubumbashi uende anakojua yeye. Kina mama sitini, dada, kila mmoja ameweka kila alichonacho humu ndani."

"Si mwandike kwa mkono leo?"

"Dar wanasoma lebo kwa Alama hiyohiyo. Mkono wanausoma lebo ikibanduka tu."

Alama ilikuwa programu ndogo tu, ya bure, ya wale wanaochangia kontena. Kila mfanyabiashara ana jina lake la kuandika kwenye belo, na wengi hutumia jina la mtoto wao wa kwanza. Unaliingiza jina, Alama inahakikisha hakuna mwingine mwenye jina hilo, kisha inatoa lebo. Ilikuwa programu huria: anayetaka kuona ilivyoundwa anafungua anasoma, anayetaka kuirekebisha anatuma rekebisho. Lakini funguo za kuyapokea hayo marekebisho alikuwa nazo mtu mmoja, aliyejiita Bawabu. Kwa miaka kumi na moja aliitunza bila kuomba hata soda. Hakuna aliyewahi kumwona.

Miezi sita iliyopita alitokea mwingine, akajiita Mgeni. Akaanza kutuma marekebisho mazuri, tena kwa adabu. Majuzi Bawabu akatangaza kwa mistari miwili: amechoka, na Jumamosi saa nane mchana funguo zinakwenda kwa Mgeni.

"Hakuna mtu wa kufanya kazi bure miaka kumi na moja," Felisia alisema. "Huyu Bawabu ana lake jambo. Au ameshauza."

Kissa hakubisha. Kasumulu ilimfundisha kutowaamini watu wanaosaidia bila kuombwa. Alirudi kwenye karatasi, orodha ya kila badiliko Bawabu alilowahi kufanya, na saa yake. Alipitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, kisha akacheka peke yake.

"Nini?"

"Anafanya kazi saa saba mpaka saa nane mchana. Jumatatu mpaka Jumamosi, miaka yote. Hata mara moja hajatoka nje ya hiyo saa."

"Saa ya Wachina kulala."

"Basi ni mtu ambaye bosi wake hulala," Kissa alisema. "Yuko humuhumu mjini."

*

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Hénoc, maana uvumi wa mji ulisema Bawabu ni yeye. Kijana wa Bukavu, miwani myembamba, viatu vyeupe pe. Kissa alimkuta kwenye mgahawa wa Wakongomani nyuma ya soko la nguo, anakula samaki ambaye mwenye mgahawa alikuwa amempa kwa heshima ya Alama.

"Funguo unamkabidhi nani leo?" Kissa alimuuliza akivuta kiti.

Uma ulisimama hewani. "Funguo gani, mama?"

"Si wewe ndiye Bawabu?"

"Watu wanasema."

"Nakuuliza wewe, siulizi watu. Jana saa saba na nusu mchana Bawabu alirekebisha upana wa lebo. Ulikuwa wapi?"

Hénoc alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama. "Nililala," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nakuapia, miye siko Bawabu. Nilitumaka rekebisho moja tu, mwaka juzi. Mkato mmoja. Virgule. Akaipokea, akaandika jina langu kwenye orodha ya waliosaidia. Ile siku nililia, unasikia? Jina langu liko pale, kila mtu ulimwenguni anaweza kuliona. Watu wakaanza kuniita Bawabu, na miye nikanyamaza."

"Ukala samaki."

"Nikala samaki," alikubali.

Kissa alitamani kukasirika, akashindwa. Kijana alikuwa ameukubali uongo kwa ajili ya mkato mmoja, na bado uso wake uling'aa alipoutaja. "Haya, nisaidie basi. Watu kama Bawabu wanatafuta nini?"

"Wengine jina, kama miye. Wengine wanatafuta kazi, waonekane. Wengine ni kitu chao wenyewe kinawakwaza, wanakitengeneza, halafu wanaona aibu kuwanyima wengine." Hénoc alifikiri kidogo. "Lakini hao hawamalizi miaka kumi na moja, mama. Huyu ni mwingine. Usome ukurasa wa kwanza, wa siku ya kwanza. Kule mtu anakuwa hajajifunza kujificha."

Kissa aliusoma hapohapo kwenye simu. Mstari wa kwanza wa Alama, kabla ya kitu kingine chochote, ulifunga jina moja. Mtu yeyote akiliandika ajibiwe kwamba lina mwenyewe.

Jina lilikuwa FLAVIA.

*

Aliporudi ghalani aliliandika mwenyewe kwenye kompyuta ya Felisia, na Alama ikamkatalia. Kisha akamtafuta mwenye jina hilo. Kwenye orodha za Dar hakuwapo, za Lubumbashi hakuwapo, za Lusaka hakuwapo. Jina lilifungwa miaka kumi na moja na halikuwahi kubeba hata kifurushi cha soksi. Felisia alitikisa kichwa. Kwenye kona, mama mmoja mzee aliacha kuandika.

"Miye ninajua," alisema.

Alikuwa Bernadette, wa Kalemie, mwandishi wa alama tangu enzi za mkono. Mashine zilikuja, yeye akabaki, maana lebo za karatasi zilibanduka msimu wa kuta kutoka jasho, na kila belo bado lilihitaji jina la wino ubavuni. Aliandika herufi zenye mikia na vikunjo, nzuri mno kwa kitu kitakachochanwa na kutupwa jalalani.

"Ile mwaka Alama ilikuwa haijakuja, kulikuwa mabelo mbili ya FLAVIA," alisema. "Niliandika miye mwenyewe, na hii mkono. Ya Calvin na ya Samwel. Marafiki, wote wa Mbinga. Niliwauliza: kwa nini jina moja? Wakacheka. Kwao kulikuwa na sista mkunga, Flavia, kila mutoto mwanamuke aliyempokea wakampa jina lake. Mbinga yote imejaa Flavia. Calvin na mutoto wake Flavia, Samwel na mutoto wake Flavia. Kila mtu akaandika mutoto wake. Hakuna aliyetaka kubadilisha, ni mutoto wake wa kwanza."

"Mabelo yakagongana."

"Dar, shemeji ya Samwel akachukua moja. Samwel alikuwa kwao ile mwezi, akafungua, akaona haikuwa vitu vyake, akafikiri muuzaji amekosea huku. Akauza, akarudi huku. Calvin akasimama mbele ya jumuiya yetu yote, siku ya ibada, akamwita mwizi. Samwel alienda kwao wiki ile, na haya. Miezi tatu nyuma ya ile, belo ya pili ikaonekana Dar. Imeoza na mvua. Samwel hakuiba kitu."

"Calvin akasema nini?"

"Hakusema kitu. Hakurudi kanisani tena."

Kissa aliutazama mkono wa yule mama, na kalamu iliyokuwa ndani yake. Ilikuwa makapeni nene yenye mfuniko wa kijivu. Alizirudia karatasi haraka. Kwenye maelekezo ya Alama, Bawabu alikuwa ameshauri: tumia yenye mfuniko wa kijivu, wino wake haukimbii kuta zikitoka jasho, yenye mfuniko mweusi ni ya bandia hata kama imeandikwa jina hilohilo.

"Mama, hizi unanunua wapi?"

"Yide Lu. Kwa yule laobanniang wa kalamu, bosi wa kike mwenye paka. Ana mfanyakazi Mtanzania, ananipimia kila moja kwenye kipande cha sandarusi kabla sijalipa." Bernadette alifunga mfuniko polepole. "Ni Calvin. Hatujasemeshana miaka kumi na moja. Ananipimia kalamu, ninaondoka."

"Na hujawahi kumwambia Felisia?"

"Hakuniuliza."

Kissa alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Mama, hizo herufi zako, kwa nini unazipamba hivyo? Hakuna anayeziangalia."

"Mutu anafungua mzigo wake na hanitafuti," Bernadette alisema. "Ile ndiyo raha yangu."

*

Saa saba na dakika ishirini Yide Lu yote ilikuwa imelala. Asikwambie mtu, ni jambo la ajabu kulipitia. Mtaa ambao saa moja kabla ulikuwa ukipiga kelele za bei ulikuwa umetulia tuli. Wenye maduka walilala kwenye vitanda vya kukunja katikati ya wanasesere na puto, midomo wazi. Mikanda ya uduvi mkavu ilining'inia. Feni zilizunguka, na ukungu uliingia hadi ndani ya maduka, ukatulia juu ya vipaji vya nyuso za waliolala. Kissa alijikuta anatembea kwa ncha za viatu. Alihisi kwamba akikohoa, mji mzima utaamka na kumuuliza anatafuta nini.

Duka la kalamu lilikuwa ghorofa ya pili. Laobanniang alilala chali na paka kifuani. Nyuma ya kaunta, mwanamume mwembamba mwenye mvi za pembeni alikuwa ameinamia kompyuta.

"Naulizia makapeni za mfuniko wa kijivu," Kissa alisema kwa Kiswahili, sauti ya chini.

"Boksi au moja moja?" Hakuinua macho.

"Vyovyote anavyoshauri Bawabu."

Vidole vilisimama. Paka alifungua jicho moja, akalifumba.

"Nani kakutuma?"

"Felisia wa ghala. Naitwa Kissa."

"Nimemkosea nini?"

"Bado hujamkosea, kaka Calvin. Una dakika arobaini za kumkosea."

Calvin alimwonyesha kigoda. Hakuwa na sura ya mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mgonjwa aliyeitwa jina lake baada ya kukaa benchi siku nzima.

"Kwa nini ulianza?"

"Kama umefika hapa, unajua."

"Nataka kusikia kwako."

"Nilimwita ndugu yangu mwizi," Calvin alisema. "Nikajua nimekosea, nikanyamaza. Nilikuwa nimesoma kompyuta mwaka mmoja na nusu kabla ada haijaniishia. Nikasema, kama siwezi kumwomba radhi, basi nihakikishe jambo hili halimpati mtu mwingine. Nikalifunga lile jina kwanza. Sikustahili kulitumia."

"Na miaka kumi na moja yote ni hatia?"

Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Hapana. Hatia iliisha nguvu mwaka wa nne. Niliogopa nilipoona imeisha. Nikasema sasa nitaacha. Mchana wakalala wote, nikafungua tu nione kama kuna aliyekwama. Kulikuwa na mama mmoja wa Lusaka amekwama. Nikamtoa. Kesho yake nikafungua tena." Alizungusha macho dukani. "Saa hii moja ni yangu, dada. Wote wamelala, na mimi najua kuna mabelo yanatembea baharini na kila moja linajua kwake. Napenda. Sina sababu nyingine ya kukupa."

Kissa alimwamini, na ikamshangaza kwamba amemwamini. "Sasa kwa nini unampa Mgeni?"

"Kwa sababu rekebisho lake la kwanza halikuwa rekebisho. Lilikuwa swali: kwa nini FLAVIA limefungwa? Nilishindwa kulijibu. Mgeni ni binti wa Samwel. Nani mwingine angeuliza? Nikimpa funguo, nimelipa."

"Huko siyo kumwamini mtu. Huko ni kukimbia." Kissa alisema bila ukali. "Mwizi yeyote mwenye subira angeweza kuuliza swali hilo. Mimi nimelijua leo. Kwa nini asiwe Flavia wako?"

"Wangu ni muuguzi hospitali ya wilaya. Namsikia Krismasi tu, na haraka haraka. Hana muda wa mambo haya."

Kissa alikunjua karatasi yake ya mwisho, orodha ya kazi za Mgeni, akaiweka juu ya kaunta. "Mgeni hutuma kazi nyakati mbili kwa siku. Alfajiri ya kwenu Mbinga, maneno machache, ya mtu mwenye haraka. Na jioni, maelezo marefu. Mwezi wa pili aliandika hivi, soma mwenyewe."

Calvin alisoma. *Nimeishia hapa, naingia zamu. Mwenzangu atamalizia jioni.*

"Nilidhani ni mtu wa kazini kwake," alisema polepole.

"Nani huingia zamu alfajiri?"

Calvin aliusoma tena ule mstari, kidole kikifuata kila neno.

"Huenda wako wawili," Kissa alisema. "Nasema huenda. Uliza kitu ambacho mwizi hawezi kukijua."

Saa saba na dakika arobaini na tano, Calvin aliandika: *Belo langu lililopotea lilikuwa na nini ndani?*

Wakangoja. Mbinga ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi. Maji yalichuruzika taratibu juu ya kioo cha dirisha, laobanniang alikoroma, na mtaa mzima ulipumua pamoja. Kissa alihisi macho yake mwenyewe yanakuwa mazito. Calvin hakupepesa. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa wazi kama ya mtoto.

Jibu liliingia saa nane kasoro dakika tano.

*Sweta za shule, za kijani. Baba Samwel alitutolea mbili kabla hajauza, moja yangu na moja ya Flavia wake. Tulizivaa mpaka mikono ikafika kwenye viwiko. Baba, tuko wawili, na leo sijaingia zamu kwa sababu yako.*

Chini yake likaja la pili, la yule mwenye maelezo marefu ya jioni.

*Mzee wangu yuko hapa nyuma yetu, anasoma bila miwani. Anasema alijua tangu siku belo lake lilipopatikana kwamba na wewe umeshajua. Amekuwa akisubiri useme. Sisi tumechoka kuwasubiri ninyi wawili, ndiyo maana tulikuja kubisha hodi. Lifungue jina letu.*

Calvin alilia. Alilia bila sauti, kwa adabu ya mtu ambaye bosi wake amelala, kitambaa cha kufutia kalamu kikiwa mdomoni. Kissa alimuuliza kama atabaki nao; alipoitikia kwa kichwa, akampigia Felisia.

"Mgeni ni nani?" Felisia aliuliza kabla simu haijatulia sikioni.

"Watoto wa nyumbani. Wako wawili, na nimehakikisha. Bawabu anabaki nao, funguo zitakuwa tatu. Pakia."

Saa nane kamili, laobanniang alipoanza kujinyoosha na mtaa ukaanza kukohoa na kufungua milango, Calvin aliufuta mstari wa kwanza wa Alama.

*

Saa tisa na nusu aliingia ghalani kwa miguu yake, na furushi dogo la sandarusi kwapani. Kulikuwa na nafasi kidogo mlangoni pa kontena. Ndani ya furushi mlikuwa na sweta mbili za kijani, saizi ya watu wazima, alizozinunua Guangyuan Xilu akiwa njiani.

Felisia aliingiza jina. Alama ikalikubali, na printa ikatoa lebo ya kwanza ya jina hilo tangu iwepo. Bernadette alimtazama Calvin, akafungua makapeni ya mfuniko wa kijivu, akaijaribu kwanza kwenye kipande cha sandarusi, kama alivyokuwa akifanyiwa.

"Ya Flavia gani?" aliuliza. "Hii mara nataka niandike muzuri."

"Usiandike gani, mama," Calvin alisema. "Watalifungua pamoja."